Pete ya Mayai na Mkono wa Mama Mkwe

Ukitaka pete ya shaba ionekane kana kwamba ilifukuliwa kaburini mwa sultani, huhitaji duka la kemikali. Chemsha yai mpaka kiini kikauke, liponde likiwa bado la moto, litie kwenye kopo la plastiki pamoja na pete, funika, nenda zako. Yai lililoiva hutoa gesi yenye salfa, ileile inayolipa yai viza sifa zake, na gesi hiyo ikikutana na shaba ama fedha huibadilisha rangi: kwanza dhahabu ya kulaghai, halafu kahawia, mwisho weusi wa heshima. Ni ujanja wa zamani na haugharimu kitu. Kasoro yake ni moja, wala sijaiona imeandikwa popote: kwa mtu asiyejua, kopo lile ni chakula.

Pete yenyewe niliitoa kwenye bomba la friji. Fundi friji wa mtaani kwetu Kawangware aliniuzia kipande cha bomba la shaba la robo tatu ya inchi kwa bei ya chai na mandazi. Bomba la namna hiyo ni neema kwa mtu ambaye hajaiva katika kulehemu, maana mikato miwili tu inakupa duara zima lisilo na kiungo, na tundu lake ni kama milimita 17, ambacho ni kidole cha pete cha wanawake wengi. Nilikata kwa msumeno wa chuma, nikapiga tupa, nikapiga msasa, nikaichoma kwa gesi mpaka ikashika wekundu hafifu, nikaitosa majini. Kisu kikitoswa hivyo huwa kigumu. Shaba ni mbishi, yenyewe hulainika. Kisha nikaivika kwenye mchi wa kinu, ambao ulichongwa mwembamba huku na mnene kule, nikaigonga kwa nyundo ndogo pande zote mpaka ikajaa vishimo vinavyocheza na mwanga. Kila pigo la nyundo huirudishia shaba ugumu wake, kwa hiyo mwisho wa kazi nilikuwa na kitu kisichokunjika kwa vidole.

Niliiacha pana, karibu sentimita nzima. Pete pana hupendeza. Pia hubana kuliko nyembamba ya kipimo kilekile, lakini hilo masonara hukwambia pete yenyewe ikishakuambia.

Ilikuwa ya mke wangu, kwa siri. Kidole nilikipima kwa uzi akiwa amelala. Asubuhi ya Jumamosi nikaifungia pamoja na mayai matatu yaliyopondwa, nikaficha kopo nyuma ya unga wa ugali, nikatoka roshani kunoa tupa. Mke akashuka dukani.

Ndipo mama mkwe akafika.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Sisi ni watu wa Bungoma. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai mkeka mmoja, hawatazamani usoni kwa muda mrefu, wala mama halali nyumbani kwa mkwe wake. Wengi waliokuja mjini wameshalegeza. Huyu hajalegeza hata uzi. Alikuwa amekuja Nairobi kutibiwa macho, akafikia kwa mwanawe aishiye Kangemi, na siku hiyo alileta macho yaliyotiwa dawa jana yake kuja kuwaona wajukuu. Tulisalimiana kwa heshima kupitia kioo cha mlango wa roshani, yeye akitazama kalenda, mimi nikitazama viatu vyangu. Kisha kila mtu akashika njia yake. Yake ilielekea jikoni.

Kwa maelezo yake mwenyewe, ambayo ameshayatoa mbele ya ukoo mzima, alisogeza unga akakuta kopo, akafunua, akaona mayai yamepondwa pamoja na maganda. Akasikitika kwamba bintiye ameolewa miaka yote hii na bado hajui kumenya yai. Akaamua kumsitiri. Alikuwa anachambua maganda, moja moja, alipogusa kitu kigumu kisichokuwa ganda. Kwa macho yale yenye dawa, akaona duara. Pete ya ndoa ya mwanangu imeanguka kwenye chakula! Akaivaa ili isipotee tena.

Kiini cha yai kina mafuta. Pete ilipita kifundo cha kidole bila hata kubisha hodi.

Kurudi ndiko kulikokataa. Nilisikia "Uuuwi!" nikakimbilia mlango wa jikoni, nikafunga breki kizingitini, maana jiko letu ni dogo na kuingia kungekuwa kugusana. Mama aligeukia ukuta. Mimi nikageukia friji. Mwanangu wa gredi ya tatu, ambaye nyanya yake humwita kukhu, akasimama katikati, akawa mkalimani wa watu wawili wanaozungumza lugha moja.

"Mwambie kukhu asivute, kidole kitafura."

"Kukhu, baba anasema usivute."

"Mwambie baba yako nishavuta."

Mke wangu aliporudi na maziwa alitukuta hivyo. Nikamwelekeza kwa sauti ya juu, uso ukiwa bado kwenye friji. Tukaanza na sabuni ya kuoshea vyombo. Pete ilizunguka vizuri sana, kushoto na kulia, kwa kila upande isipokuwa ule tulioutaka. Tukaja na baridi, kwa sababu kidole kikipoa damu hupungua na ngozi hunywea. Lakini barafu hatukuwa nayo, kilichokuwa kimeganda ni samaki wa Jumapili. Mama mkwe akakaa kwenye kiti cha jikoni amemkumbatia ngege wa kilo moja.

"Sasa mnanishikisha samaki," akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Kuna njia ya uzi ambayo inafanya kazi kweli. Unapenyeza ncha ya uzi chini ya pete kuelekea kiganja, halafu uzi uliobaki unauzungusha kidoleni kwa kubana, kuanzia kwenye pete hadi uvuke kifundo. Nyama inalala. Kisha unaishika ile ncha ya kiganjani, unaanza kufungua, na kila mzunguko unaofunguka unaisukuma pete mbele kidogo. Nililieleza hilo kwa friji kwa ufasaha mkubwa. Mke wangu akaanzia kwenye ukucha akarudi kwenye pete, yaani akaikusanya nyama yote ya kidole akaipeleka palepale ilipokuwa imejaa. Kidole kikawa zambarau. Tulipoufungua uzi kwa papara, mama akakiinua kidole dirishani akitazame, akaona chini ya pete kuna mstari mweusi.

"Kimeoza."

"Mwambie kukhu hakijaoza, ni rangi ya pete inatoka."

"Kukhu, baba anasema ni yai."

Sijui kama kuna sentensi ya kweli iliyowahi kusaidia kidogo zaidi ya hiyo. Weusi ule ni utando mwembamba juu ya shaba, ukisuguliwa na sabuni unahamia kwenye ngozi, na kesho yake umeoshwa. Lakini mwambie hivyo mama aliyekuja mjini kuokoa macho, sasa anaona anarudi Bungoma bila kidole, na kisababu ni yai.

Hospitali wana kikata pete, kijisumeno cha duara chenye ulimi unaokinga ngozi. Mama akasema haendi hospitali nyingine wiki hiyo. Nikakumbuka mafundi wa Kibera, wale wanaoyeyusha kufuli mbovu na vichwa vya mabomba kutengeneza pete na bangili za shaba ya njano. Kwa mmoja wao ndiko nilikojifunzia kushika msumeno wa sonara. Tukaondoka.

Nilishauri mkono uwekwe juu ya usawa wa moyo ili uvimbe upungue. Ni ushauri sahihi kabisa, ila si ndani ya matatu. Mimi nilikaa mbele karibu na dereva, mama nyuma kabisa na bintiye, na mkono wake ukiwa juu. Kila tulipokaribia stendi, makanga akaugonga mlango: "Kuna mama anashuka!" Gari linasimama. Mama hashuki. Gari linaondoka, mkono uko palepale. Kufikia Ngong Road abiria walikuwa wameanza kumtetea: mama ameomba kushuka tangu Kawangware na nyinyi mnampitisha! Mzee mmoja alisimama akataka namba ya gari. Tulipobadilisha matatu nadhani makanga ndiye aliyefurahi kuliko sisi.

Karakana ya yule fundi ni kibanda cha mabati. Ukiingia unakutana na joto la makaa, harufu ya vumbi la pembe na mifupa ya ng'ombe wanayochonga upande wa pili, na mlio wa jiwe la kung'arishia. Fundi alipousikia mkasa wetu alicheka mpaka akaweka koleo chini. Akavuta kigoda, akachukua msumeno wake, ule wenye uzi wa chuma mwembamba ambao meno yake hutazama chini kwenye mpini. Akaupaka nta ya mshumaa ili uteleze. Akanyoosha mkono kumpokea mama kidole.

Kisha, kwa adabu tu, akamsalimia kwa lugha ya kwetu na kumwuliza anatoka ukoo gani.

Mama akamtajia.

Fundi akaurudisha mkono wake. Akarudi nyuma hatua mbili, mpaka mgongo ukagusa mabati. "Mke wangu," akasema polepole, "ni wa ukoo huohuo." Basi kwa hesabu za kwetu mama alikuwa mama mkwe wake pia. Wanaume wawili wenye misumeno, nyundo, koleo na gesi, tukasimama bega kwa bega kuutazama ukuta, na nyuma yetu mama akaushikilia mkono wake juu akiwa na subira ya mtu anayengoja makanga.

Aliyetuokoa ni msichana anayejifunza kazi pale. Huyu anatoka Machakos na hakuwa na undugu na mtu. Alikata kipande cha kopo la soda, akakikunja kingo zisikate, akakipenyeza kati ya pete na ngozi. Mimi nilifuata kazi kwa masikio tu: kii, kii, kii, polepole, bila kusukuma, maana uzi ule ukiulazimisha unakatika. Ukakatika. "Tiki." Akafunga mwingine. Tukasikia tena kii, kii, halafu kimya, halafu plasi mbili zikigongana, halafu mama akishusha pumzi iliyokuwa imekaa kifuani tangu asubuhi.

"Mnaweza kugeuka," msichana akasema. Hatukugeuka mpaka mama alipofunika mkono kwa leso.

Nilitarajia pete itupwe kwenye makaa. Badala yake mama akaiomba. Msichana alikuwa ameshazipiga tupa zile ncha mbili na kuzilainisha kwa msasa, ikawa pete ya mkato, ya kupanua na kubana upendavyo. Mama akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Weusi wa yai ulikuwa umebaki ndani ya vishimo, na migongo iliyoachwa na nyundo imesuguliwa na sabuni na uzi na samaki mpaka ikawa nyekundu inayong'aa. Haki ya Mungu, ilikuwa imependeza kuliko nilivyopanga. Akaivaa kwenye kidole cha mkono wa pili, akaitoa, akaivaa, akaitoa.

"Shaba inaondoa baridi yabisi," akamwambia bintiye. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York kule Uingereza waliwapima wagonjwa wa baridi yabisi kwa bangili za shaba, wakachapisha mwaka 2013 kwamba hazikuwasaidia. Nilikuwa na maelezo hayo mdomoni. Nikautazama ukuta.

Akasafiri nayo Bungoma.

Wiki zilizofuata zikaleta bahasha kwa basi. Ndani yake mlikuwa na lundo la nyuzi za kushonea, kila moja imefungwa fundo mahali kidole kilipoishia, zote nyeupe, hakuna hata moja yenye jina. Akina mama wa kikundi chake cha kanisa wanataka pete, na wanataka ya mkato kama ile. Nilimweleza kwa simu, kupitia mke wangu, kwamba pete ya mkato haihitaji kipimo. Akajibu, kupitia mke wangu, kwamba fundi mzuri hapimi kwa macho, na kwamba arubuni ameshaikusanya na ameituma. Akaongeza kwamba mayai ya Nairobi ni madogo, ataleta ya kienyeji.

Nikaomba niruhusiwe kuanza na ya mke wangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa kwanza. Mke akauliza. Ukapita muda mrefu wa sauti ya mbali kwenye simu, akakata, akaniangalia.

"Anasema mimi sijatoa arubuni."