Filamu Tatu na Punda Wawili

Ulanguzi wangu ulidumu kwa dakika kumi hivi, Jumamosi moja ya Septemba 2021, na kila nikipiga hesabu naona sijamaliza kuulipia.

Mimi ni karani wa uwakala wa forodha hapa Mombasa, na kwa zaidi ya miaka ishirini starehe yangu imekuwa kupiga picha kwa kamera ya filamu, ile ya kufungua mgongo, kupachika kikopo, kuvuta ulimi wa filamu hadi upande wa pili, kufunga na kuomba dua. Tuko watu kumi na wanne wenye ugonjwa huo, na hukutana mara moja kwa mwezi katika mkahawa mmoja wa Mji wa Kale, kila mmoja na kamera yake shingoni, tunakunywa kahawa chungu na kusifiana lenzi ambazo wake zetu hawajui bei zake.

Kwa miaka mingi filamu ilikuwa kitu cha kuonewa huruma. Kodak yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012, na sisi tuliobaki tukawa tunauziwa filamu kwa bei ya kubembelezwa, kama wateja wa mwisho wa duka linalofungwa. Halafu vijana wakaanza kuzitoa kamera za babu zao kabatini, na ghafla kiwanda cha Kodak cha Rochester, Marekani, kilichokuwa kimezoea kupunguza watu, kikashindwa kuwatosheleza. Januari 2021 Fujifilm wakatangaza kwamba hawatatengeneza tena Pro 400H, filamu yao ya rangi. Meli zikachelewa, na nauli za makontena, ambazo ndizo mkate wangu wa kila siku, zikapanda kiasi kwamba wateja wetu wakiletewa ankara walidhani tumewaandikia namba ya simu. Madukani kwetu filamu za rangi zikawa adimu kama maziwa ya kuku, na pale zinapoadimika madukani ndipo huonekana ni nani hasa mwenzako katika starehe.

Mlanguzi wa filamu si yule wa sukari, anayefungia magunia ghalani na kusubiri Ramadhani. Huyu ni rafiki yako. Hasemi kwamba anauza. Anasema kwamba "anaachia". Filamu iliyokwisha muda wake mwaka 2009 na kulala miaka yote juu ya kabati la bati haiitwi mbovu, inaitwa ya kale, na ukale huo unalipiwa. Kila mmoja amebakiwa na moja tu, na kesho yake amebakiwa na moja nyingine.

Mimi nilikuwa nimebakiwa na 12. Zilikuwa za rangi, za picha 36, nilizozinunua mwaka 2019 kwa shilingi 700 kila moja. Kwa kuwa joto la Mombasa huchachusha filamu kama linavyochachusha maziwa, nilizipanga ndani ya kopo kuukuu la aiskrimu na kulisukuma nyuma kabisa ya friji, pale ambapo mke wangu huweka pweza wake. Mke wangu hakuwahi kuridhika na ujirani huo, na mara mbili nilikuta kopo langu limehamishiwa juu ya meza na pweza amepewa nafasi yote.

Siku hiyo mwenzetu mmoja, daktari wa meno, aliniuliza kama nina akiba yoyote. Nilinyamaza kidogo, kama mtu aliyeombwa figo, kisha nikamwambia kwamba ninazo 12 ila sikuwa na nia ya kuziuza. Maneno hayo, nimekuja kugundua, ndiyo bismillahi ya walanguzi wote. Nikataja 1,800. Akaniomba nimfanyie 1,500. Nikatikisa kichwa kwa huzuni ambayo nikiikumbuka hadi leo masikio yananiwaka moto.

"Daktari," nikamwambia, "bei ya soko haipungui."

Alinitumia shilingi 21,600 kwa M-Pesa pale pale mezani. Nilipata faida ya 13,200 kwa bidhaa iliyokuwa imelala na pweza, na usiku huo nililala vizuri sana. Mwezi uliofuata bei ilipofika 2,500, nilisimama mbele ya wenzangu nikahutubia kwa uchungu wa kweli juu ya watu wanaogeuza mapenzi ya wenzao kuwa biashara. Daktari hakusema neno. Alikuwa anakoroga kahawa yake, na kahawa hiyo haikuwa na sukari.

Mwaka ukapita, Kodak wakaongeza bei rasmi Januari 2022, nami sikuwa nimebakiwa hata na moja. Ndipo, mwanzoni mwa Desemba, akaja mpwa wangu, binti wa dada yangu, akaketi kitako barazani.

"Mjomba," akasema, "mpiga picha wa dijitali tumeshamlipa, lakini picha za kutundika ukutani nazitaka za kwako, za filamu."

Mjomba gani humwambia mpwa wake wiki mbili kabla ya harusi kwamba hana filamu? Nilizunguka madukani kote, na katika duka moja muuzaji, kijana wa miaka ishirini hivi, aliniuliza kama filamu ninayoitaka ni ya Kihindi. Fundi wangu wa kamera akanielekeza kwa mtu wa Kilifi, wa Kilifi akanielekeza kwa kijana mmoja wa Nairobi, na huyo kijana, kwa bahati njema, alikuwa amebakiwa na tatu tu. Bei ilikuwa 4,500 kila moja. Niliuliza kama ameongeza sifuri kwa bahati mbaya.

"Mzee wangu, hizi si za kuokota," akanijibu kwenye simu kwa upole wa mtu anayejua kwamba harusi haiahirishwi. "Zilikuwa za mzee mmoja huko huko kwenu Pwani, mtu makini sana. Amezitunza kwenye friji tangu siku ya kwanza."

"Ulimi uko nje?"

"Zote tatu, mzee. Hazijaguswa."

Swali hilo huulizwa na kila ajuaye kazi. Filamu mpya huacha kipande kifupi kikichungulia nje ya kikopo, nao ndio ulimi. Ikishapigwa picha na kurudishwa ndani, kwa kawaida huumeza. Ulimi nje, filamu bikira. Nikajaribu kuomba punguzo la shilingi 500, nikaambiwa kwamba bei ya soko haipungui. Nilimlaani kimoyomoyo, nikatuma shilingi 13,500, na nikamwombea dua yule mzee makini wa Pwani, maana watu wa namna hiyo wamebaki wachache.

Kifurushi nilikichukua Mwembe Tayari, kimefungwa kwa gazeti na kwa gundi ya karatasi iliyotosha kuzibia mashua. Nilipokifungua sebuleni ikapanda harufu ambayo sikuitarajia. Nikamwita mke wangu anuse. Akachukua kikopo kimoja, akakisogeza puani, akakirudisha mezani taratibu.

"Baba Salma, hii ni friji yetu."

Nilicheka. Nikamweleza kwamba friji zote za Pwani zina pweza, na kwamba harufu hiyo ni ushahidi wa kutosha kuwa filamu zimetunzwa kwenye baridi kama nilivyoambiwa. Akasema sawa. Nimekaa naye miaka kumi na tisa na bado sijajifunza kuiogopa hiyo "sawa".

Harusi ilipendeza. Nilipiga filamu zote tatu hadi picha ya mwisho, nikiinama, nikipanda viti, nikiwaamuru watu wazima wasogee kushoto, na ile ya tatu nikaihifadhi kwa wakati mkubwa kuliko yote, pale bwana harusi alipoingia na kanzu yake na joho jeusi lenye kingo za dhahabu, akaketishwa kando ya bi harusi, jamaa wa pande zote mbili wakajipanga nyuma yao. Nikazipeleka filamu kuoshwa katika studio ambayo bado ina dawa za rangi, nikasubiri siku sita, na bahasha zilipofika sikuzifungua. Nilitaka zifunguliwe mbele ya watu. Dada yangu alikuwa amewaalika wakwe zake kwa biriani siku ya Jumapili, nami nikaona hapo ndipo pangenifaa.

Bahasha ya kwanza ilizunguka mezani kwa vigelegele. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu niliifungua mwenyewe.

Bwana harusi alikuwa ameketi kwa heshima zote, na kutoka kifuani mwake, katikati ya lile joho jeusi, punda alikuwa anatutazama. Hakuwa kivuli wala doa. Alikuwa na kope. Sikio lake moja lilipita kwenye bega la bwana harusi, na la pili likakatwa na ukingo wa picha. Bi harusi, kwa kuwa alivaa nyeupe, alisalimika, maana filamu ikipigwa mara mbili, picha ya kwanza hujitokeza pale penye giza la ya pili, na kwa bahati mbaya harusi zetu zina majoho na mabuibui mengi. Nikafunua picha nyingine haraka: punda wawili. Nyingine: miguu minne inayotembea juu ya kilemba cha imamu, na mkia.

Mama wa bwana harusi alivaa miwani, akaichukua ile ya kwanza, akaitazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama mwezi wa Shaabani mzima.

"Huyu," akauliza kwa upole, "ni wa upande wenu?"

Nilitoka nje barazani nikampigia yule kijana wa Nairobi. Sitaandika yote niliyosema. Nilimwambia kwamba ameniuzia filamu iliyokwishatumika, kwamba mtu anayelangua bidhaa na bado anaiuza mbovu hana dini wala kabila, na kwamba nataka shilingi 4,500 zangu kabla jua halijatua. Akaapa kwamba na yeye ameuziwa, na kwamba atamfuata aliyemuuzia hadi apatikane wa mwanzo. Nikamwambia kwamba huyo wa mwanzo akipatikana nipewe jina lake, kwa sababu nina mambo ya kumwambia.

Jioni mke wangu alizitandaza picha zote mezani chini ya taa, akawa anazipitia moja moja kama mtu anayechambua mchele. Alifika kwenye picha moja akasimama. Nyuma ya maharusi alikuwa amesimama shangazi wa bwana harusi, mwili mkubwa, buibui jeusi, na ndani ya buibui hilo alionekana wazi mtoto wa kike wa miaka sita hivi, hana meno mawili ya mbele, amepanda punda na ameshika pakiti ya viazi.

"Baba Salma," akasema, "muite Salma aje aone alivyokuwa."

Nikainama. Ilikuwa Lamu, Desemba 2019, pale mbele ya bahari ambapo punda ni wengi kuliko magari. Yote yakanirudia kwa mpigo. Siku ya mwisho ya safari nilikuwa nimekaa ukutani nikirudisha filamu ndani ya kikopo kwa mkono, na nikaacha ulimi nje kama ilivyo desturi yangu, kwa sababu filamu nyeusi na nyeupe huziosha mwenyewe nyumbani, na filamu iliyomeza ulimi ni taabu kuitoa gizani. Kinachotakiwa baada ya hapo ni kukunja ncha ya ulimi ili ujue kwamba hii tayari. Nilikuwa nimeshaishika ncha hiyo kati ya vidole viwili pale nahodha wa boti alipopaza sauti kwamba anaondoka, na anayebaki abaki na punda.

Mke wangu hakusema kitu. Alikwenda jikoni, nikasikia mlango wa friji ukifunguliwa na kufungwa, na kicheko.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Daktari.

"Zile filamu zako za mwaka jana," akaanza, bila hata kuniuliza hali, "moja ilikuwa imetumika. Mteja wa mwisho amechachamaa, anatukana kila mtu. Inabidi urudishe 9,000."

"Elfu tisa?" nikauliza. "Mbona alidai elfu nne na mia tano?"

Kimya kikapita.

"Wewe umejuaje alichodai?"

"Nimekisia," nikasema. "Kwani huyo mteja ni nani?"

"Simjui. Nimeambiwa ni mzee mmoja wa hapa hapa Mombasa, mgomvi sana. Hizo nyingine ni za usumbufu. Kila aliyepita naye ameongeza kidogo."

Nikamwomba anifanyie hata 7,000. Daktari akavuta pumzi, na nikasikia kijiko kinagonga kikombe.

"Ndugu yangu," akasema kwa huzuni kubwa, "bei ya soko haipungui."