Nilitaka Iwake Haraka Tu

Mtu akikwambia kubadilisha diski ni kazi ya dakika kumi, mwangalie vizuri usoni. Huyo ama anauza diski, ama hajawahi kufungua kompyuta iliyokaa chini ya meza tangu watoto wa nyumbani wananyonya, na sasa wananyoa.

Mimi sikuwa na makuu. Sitengenezi filamu, sichimbi sarafu za mtandaoni. Nilitaka nikibonyeza kitufe, mashine iwake kabla sijasahau nilichotaka kuandika. Ilishafika mahali unaiwasha, unakwenda kuoga, unavaa, unarudi, bado kile kiduara kinazunguka na ndani diski inakwaruza: krrr, krrr, tak. Hiyo "tak" ndiyo iliyoninyima usingizi. Diski za zamani zina sahani, nyingi huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna kimkono kinachokimbia huku na huko kutafuta data. Kila safari ya kimkono hicho hula milisekunde 10 hivi. Ukisikia utasema si kitu. Lakini mashine inapowaka inatafuta mafaili maelfu kwa maelfu, kila moja limejibanza kwenye pembe yake. Zidisha mwenyewe, mimi nilishachoka.

Mpwa wangu, yule anayejua kila kitu isipokuwa mahali alipoacha viatu, akatoa hukumu: "Mjomba, weka SSD, diski ya chipu tupu. Haina kinachozunguka humo. Utanishukuru."

Nikamuuliza kuhusu zile SSD nyembamba zinazolala moja kwa moja kwenye ubao mkuu wa kompyuta, maana nilisikia hizo ndizo zenye mbio. Akapiga tochi ya simu ndani ya kasha, akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwa sauti ile ya daktari aliyeshika majibu: "Mjomba, huu ubao hauna tundu la M.2, lile la hizo nyembamba. Ulizaliwa kabla." Adapta ya kuchomeka kwenye PCIe, lile tundu refu la kadi, ipo, ndiyo, lakini BIOS za enzi hizo, yaani programu ya kwenye ubao inayoiamsha mashine, nyingi hazijui kuwasha mfumo kutoka huko. Utaweza kuhifadhi picha, kuwasha mashine hutaweza. Basi tukashuka hadi SSD ya SATA, ile inayounganishwa na ubao kwa waya, ya inchi 2.5, mambo ya heshima ya kawaida.

Hapo ndipo nilipoijua tabia ya hivi vifaa. Kifaa cha kompyuta ni kama mgeni anayesema "nakuja peke yangu," ukifungua mlango unakuta ukoo mzima na mabegi. SSD ni ya inchi 2.5, nafasi kwenye kasha ni ya inchi 3.5, kwa hiyo inadai kishikizo. Kishikizo kinadai skrubu. Na skrubu, jamani! Zile za diski kubwa na zile za SSD ukizitazama ni pacha. Kichwa kimoja, rangi moja, urefu karibu ule ule. Tofauti iko kwenye meno: moja ina meno mapana, nyingine membamba. Unaingiza, inazunguka mara mbili kwa furaha, halafu inagoma. Ukilazimisha umeharibu tundu. Ukiichomoa inakuponyoka, inaanguka ndani ya paua saplai, kile kisanduku cha umeme, kupitia matundu ya feni, na hapo unaanza kuitikisa mashine nzima kichwa chini miguu juu, familia inapita inakutazama, hakuna anayeuliza.

Ukimaliza skrubu unakuja kwenye matundu ya SATA. Kwenye ubao wangu mawili ni ya gigabiti 6 kwa sekunde, mengine ni ya 3. Sura ni zile zile, tofauti ni rangi, na maana ya rangi imeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo, na kitabu cha maelekezo kipo mahali kilipo. SSD kama hii husoma megabaiti 500 na ushee kwa sekunde. Ukiichomeka kwenye tundu la gigabiti 3 haifiki hata megabaiti 300. Ingawa, niseme ukweli, hata kwenye tundu lile dhaifu bado ingeiacha diski ya zamani inakula vumbi, kwa sababu kilichokuwa kinatuua si mbio, ni kile kimkono.

Halafu kuna suala la kuibiwa. Nimelipia gigabaiti 500, kompyuta inaniambia 465. Nikageuza boksi, limeandikwa 500. Mpwa akaeleza kwamba mtengenezaji anahesabu kwa elfu na mfumo wa kompyuta unahesabu kwa 1,024, kwa hiyo hakuna aliyeniibia. Nimeelewa hesabu yake. Lakini zile 35 mimi sizioni. Nilijiliwaza kwa kukumbuka kwamba diski ya kwanza kabisa ya IBM, ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, mashine yake ilizidi tani moja, na ndani mlikaa herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu ya leo inaweza kuijaza. Nashukuru basi, lakini 35 ni 35.

Kuhamisha vitu vya zamani sitaki kukusimulia sana. Programu ya kunakili ilichunguza kila kitu, ikakuta folda inaitwa "Mpya", ndani yake "Mpya 2", ndani yake "Mpya ya mwisho", na ndani ya hiyo picha zile zile zilizopo kwenye "Mpya". Ikanakili zote bila kunihukumu.

Ila ilipowaka! Nimebonyeza kitufe, nimekaa, mkono haujafika kwenye kipanya, mashine iko tayari inanisubiri mimi. Kimya kabisa, hakuna krrr wala tak. Kama kuna pesa moja ya kutumia kwenye kompyuta ya zamani, ni hiyo, na ugomvi wowote juu ya hilo mimi sitausikiliza. Ningeishia hapo, lakini nyumba ina vijana, na kijana akishaona mashine inakwenda mbio, anauliza kwa nini michezo inakwama. Ikaanza kampeni ya kadi ya picha, ile inayochora michezo kwenye skrini. Asubuhi kadi ya picha, jioni kadi ya picha. Mwisho nikakubali ili nipate utulivu, utulivu ambao hadi leo sijauona.

Kadi ilipofika nilidhani wamekosea wamenitumia redio. Feni tatu! Urefu sentimita 30! Kuitoa ile ya zamani penyewe ni shughuli, kwa sababu mwishoni mwa tundu la PCIe kuna kilimi cha plastiki kinachoibana, na kilimi hicho kimewekwa chini kabisa ya kadi, pale ambapo kidole cha binadamu hakifiki. Ukivuta bila kukibonyeza unang'oa tundu lenyewe. Unaingiza rula, unapapasa gizani, unaomba dua, "klik", imeachia. Kisha unaileta mpya, na ncha yake inagonga pale pale kwenye kishikizo ambako SSD yangu imetulia. Na tumbo la kadi limelala juu ya matundu ya SATA. Yapi? Yale mawili ya gigabiti 6, hukuwa na haja ya kuuliza.

SSD ikahama. Ikahamia tundu la gigabiti 3, huko huko nilikoikwepesha kwa jasho.

Umeme nao ukasimama kuchangia. Tundu la PCIe hutoa wati 75 na si zaidi. Kadi hii inataka pia plagi ya pini 8, ambayo ni ya wati 150, na paua saplai yangu ya zamani haina plagi hiyo. Mpwa akaja na kiwaya cha kugeuza: upande huu plagi ya SATA, upande ule pini za kadi. Nikamwambia kaa chini. Plagi ya SATA kwenye volti 12 imetengenezwa kwa ampea 4.5, yaani wati 54. Unataka kuipitishia mzigo wa 150? Waya utayeyuka, na moshi utatoka chini ya meza ninapoweka miguu mimi, si wewe. Kwa hiyo ikanunuliwa paua saplai mpya. Umeona ukoo unavyoongezeka?

Kuichomoa ya zamani kukaibua jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Betri ya BIOS, ile CR2032 ya duara inayotunza tarehe na mipangilio, ilikuwa imekufa kimyakimya miaka mingi, ikiishi kwa huruma ya umeme wa ukutani. Umeme ulipokatika, mashine ikasahau kila kitu. Tarehe ikarudi nyuma miaka kadhaa, tovuti zikakataa kufunguka kwa kuona vyeti vyao vya usalama bado havijaanza kazi. Na mpangilio wa SATA ukarudi kutoka AHCI kwenda IDE, namna ya kizamani ya kuongea na diski, skrini ikawa buluu, Windows ikatangaza haioni diski ya kuanzia. Kidude cha volti 3, na ndicho kilichotulaza saa nane usiku huku kadi ya bei mbaya imekaa tu inatutazama.

Skrini yenyewe ilikuwa ya VGA, plagi iliyoanza mwaka 1987, na kadi ina matundu ya kisasa ya HDMI na DisplayPort peke yake. Kiadapta. Hilo sitaki hata kulisema.

Sasa kila kitu kimewaka. Michezo inafunguka. Vijana wamejazana, mpwa anatazama namba pembeni ya skrini, anakunja uso. "Mjomba, prosesa, ubongo wa mashine, iko asilimia 100, kadi iko 40. Prosesa ndiyo inairudisha kadi nyuma."

"Basi badilisha prosesa."

"Haiingii kwenye huu ubao. Itabidi ubao mpya. Na ubao mpya hautumii RAM hizi, kumbukumbu za mashine. Halafu hii skrini ni hezi 60 tu, picha 60 kwa sekunde, kwa kadi hii mjomba unajidhulumu."

Nilimwambia aache bisibisi mezani na aende akatafute viatu vyake.