Uani si Uwanja wa Ndege

Nani aliyetutia kichwani kwamba nyumba haijesha mpaka udongo wote ufichwe?

Nauliza kwa hasira. Jumamosi iliyopita mimi na mume wangu tulikuwa uani tukivunja sakafu ya saruji tuliyoikuta tuliponunua nyumba hii ya Fuoni, hapa Unguja, na kila aliyepita alisimama kutupa pole. Pole! Utadhani tumefiwa. Fundi mmoja, kijana wa watu, hodari kwa kazi yake, alichungulia mlangoni akasema: "Mama, wenzenu wanahangaika na pesa watie pevingi, nyinyi mnavunja iliyokuwepo?" Mume wangu akacheka. Mimi sikucheka. Niliyaweka moyoni, na leo nayatoa.

Pita Tomondo, pita Kiembesamaki, pita hapa kwetu. Nyumba nzuri mashaallah, geti la chuma lenye nakshi, ukuta umepakwa rangi ya maziwa. Ukichungulia ndani, pevingi, yale matofali ya saruji ya kutandaza chini, kutoka ukuta mpaka ukuta, nyekundu na kijivu, pamefagiliwa mpaka panang'aa. Mti ni mmoja, umetiwa ndani ya ndoo ya rangi. Ukiuliza kivuli unaoneshwa feni.

Sasa tuhesabu, maana siku hizi watu hawaamini neno mpaka waone namba. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua ua wa mita 60 za mraba, wala si mkubwa. Ikinyesha milimita 50 kwa siku, na kwa Masika hicho si kioja, umeshapata lita 3,000. Ndoo 150 za lita 20. Hapo sijatia maji ya paa. Udongo ulio wazi na uliotifuliwa hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Saruji hainywi kitu, inayasukuma. Yanaenda wapi? Kwa jirani wa bondeni. Na jirani wa bondeni naye ametia pevingi, kwa hivyo anayasukuma kwa mwenziwe, na mwenziwe barabarani, na barabarani ndipo tunapotoa simu tukapiga picha tukarusha kwenye magrupu: "Jamani mitaro!"

Mitaro ni mibovu, nakubali. Mingine imejaa pampasi na chupa tulizozitupa sisi wenyewe, lakini haya, ni mibovu. Nambieni tu, mtaro gani uliopimwa upokee maji ya nyua zote za mtaa kwa saa moja? Waliokuwa wakipita Mwanakwerekwe siku zile barabara ikigeuka ziwa hawahitaji kuhadithiwa. Maji yale hayakutoka baharini. Yalitoka majumbani kwetu.

Na kisiwa hiki hakina Rufiji. Tunakunywa kutoka chini ya miguu yetu: visima, chemchemi, mapango. Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, alipotaka watu wa mjini wapate maji safi aliyaleta kwa mabomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Na chemchemi haijizulii maji. Inatoa mvua iliyozama. Visima vya karibu na pwani ndiyo hatari zaidi: tukivuta kuliko mvua inavyorudisha, maji ya chumvi yanasogea ndani. Halafu mtu anakaa barazani analalamika kisima chake kimeanza munyu, na nyuma yake ameziba kila tundu ambalo tone la mvua lingepenya.

Linaloniuma zaidi ni hili. Kule uwandani, Makunduchi, Jambiani, watu wanalima juu ya mawe. Wanatafuta vishimo vyenye udongo baina ya mawe, kiganja hapa, kiganja pale, wanapanda mtama, wanapanda kunde, na wanavuna. Sisi wa upande wa magharibi Mungu ametupa udongo wa kuzama jembe, tunaagiza mawe kwa gari tuufukie. Na mchanga unaotandazwa chini ya hizo pevingi umechimbwa mashambani, umeacha mashimo ambayo hakuna mnazi utakaosimama tena.

Basi nikwambieni tulichokikuta. Mume wangu alianzia katikati kwa nyundo kubwa, maana wanaume ndivyo walivyo, na katikati ikamkatalia. Kelele tupu na vumbi. Tukahamia ukingoni, pale mzizi wa mpera wa jirani ulipokwisha kupachika ufa, tukapenyeza mtaimbo, kipande kikanyanyuka. Chini yake mchanga, na chini ya mchanga udongo wa rangi ya jivu, mkavu, umeshikana. Masika yameondoka juzi tu, na udongo ule haukuwa na habari. Nyungunyungu hakuna hata mmoja. Mzizi wa mpera ulikuwa umelala humo, umebapa kwa kukosa pa kwenda.

Nikamwaga ndoo ya maji. Yakakaa juu, yakazunguka na vumbi, kisha yakashika njia kuelekea ukutani. Jumapili asubuhi tukatifua kwa jembe, tukachanganya samadi iliyoletwa na gari la ng'ombe, na alasiri nikamwaga ndoo nyingine palepale. Yakatoa mapovu madogo madogo, yakazama. Nikamwita mume wangu aje atazame. Akaja, akatazama, akasema, "Ni maji, mke wangu." Ni maji, ndiyo! Nasema nini mie tangu juzi?

Haya, na nyinyi mna yenu. Matope? Kweli, yapo, na watoto watayaingiza mpaka chumbani. Kwa hiyo hatukuvunja yote: tumebakisha ukanda wa saruji kuzunguka nyumba, mvua isirushe udongo ukutani na maji yasikae kwenye msingi, na tumepanga mawe bapa mpaka kwenye kamba ya nguo. Mwenye gari atie mistari miwili ya matairi, si lazima alilaze gari lake kwenye sakafu ya ukumbi wa harusi. Karibu na karo la choo hatukugusa, na wala usiguse. Mbu anataka maji yaliyotuama, na wa uani kwetu walikuwa wakizaliwa pale sakafu ilipodidimia. Nyoka anafuata panya, panya anafuata taka, zoa taka. Joto sina haja ya kulieleza kwa mtu yeyote aliyelala nyumba yenye saruji mbele na nyuma mwezi wa Februari.

Na wale walioona ajabu mwanamke kushika nyundo na mumewe kubeba samadi, wakitaka tutawaazima jembe.

Kilichobaki ni ugomvi wa ndani. Yeye anataka mdimu, kwa sababu anapenda kula mchuzi wa pweza na ndimu iliyochumwa saa hiyo hiyo. Mimi nataka mkilua, mwasumini na mrehani, kama uani kwa bibi yangu, ambako kikuba, kile kifungu cha maua ya kunukia, kilifungwa kwa mkono usio na haraka, na jioni nyumba nzima ikinukia. Leo tukiwa na harusi tunakimbilia sokoni kununua maua ambayo kila mwanamke wa mtaa alikuwa akiyachuma nyuma ya jiko lake. Nafasi ipo ya vyote viwili, nimemwambia. Yeye anasema mkilua utamzibia mdimu jua. Tumeafikiana mchaichai kando ya njia, mengine yatasubiri Jumamosi ijayo.

Vifusi vya ile sakafu vipo nje ya mlango, rundo kubwa. Mwenye shimo barabarani anataka kulifukia, aje avichukue, bure, na chai nitampa. Anayetaka kuvitia uani kwake asijisumbue.