Simenti ya Mnada wa Kanisani

Kwa kuwa ndugu yangu mmoja katika Bwana ameshairusha video yangu ya mnada wa kanisani kwenye kila kundi, tena ameikata mwanzo, acha niwape mzigo kamili.

Mnajua nyumba yangu ya Nala imekwama kwenye lenta. Sasa mtu mwenye hali hiyo anatoka ibadani, anafika mnadani, na katikati ya jogoo na ndoo za zabibu anaona mfuko wa simenti. Umeinama kidogo, umeandikwa kilo 50, vumbi la kijivu limekaa kwenye mikunjo. Utangulizi sikuusikia, nilikuwa nimeitwa nikasogeze gari. Ningejuaje?

"Elfu ishirini!" Dada mmoja wa Area C akasema thelathini. Nikamwangalia, huyu naye anajenga? Arobaini. Hamsini. Msinicheke, mnada wa kanisani yai moja linafika elfu tano, ni sadaka hiyo. Sitini, nikapewa! Makofi yalikuwa mengi kupita kiasi kwa simenti, lakini nikayapokea.

Vijana wawili wakaja kunisaidia. Nikawazuia. (Video ya yule bwana inaanzia hapa.) Koti nikampa Mama Mchungaji anishikie. Nikakunja mikono ya shati, jeupe, zingatieni. Nikatanua miguu, nikachuchumaa, nikaukumbatia mfuko, nikavuta pumzi ya kilo 50 zote, nikasema "Yesu!" nikanyanyuka.

Ulikuwa mwepesi kama mto wa kulalia. Kitambaa na sponji tupu.

Mikono ikaenda juu yenyewe. Mfuko ukapita juu ya kichwa, nami nikaufuata kinyumenyume. Nakumbuka anga la Dodoma, halina hata wingu. Nakumbuka jogoo akinitazama. Nakumbuka sauti ya mama mmoja, "Zabibuuu!" Kisha nikakaa. Ndani ya ndoo. Nikajaribu kuinuka kwa heshima, ndoo nayo ikainuka. Kanisa zima kimya, nami sina la kusema, mdomo ukajitolea salamu ya Kigogo: "Mbukwenyi!"

Hapo ndipo wazee wa kanisa walipokaa chini kwa kicheko.

Zabibu nikalipia, tuyaache.

Aliyekishona kidude hicho, binti wa kwaya, akaja kunipa pole: "Anko, hiyo ni sanamu laini. Marekani, Claes Oldenburg mwaka 1962 alitengeneza baga kubwa ya turubai, ndani sponji. Leo iko kwenye jumba la sanaa Toronto. Mkewe ndiye alikuwa anamsaidia kushona."

Mama watoto akanikata jicho: "Usithubutu."

Jioni fundi wa Nala kapiga simu: "Bosi, nimesikia simenti imepatikana?" Nikamwambia imepatikana, iko kwenye kochi, mama watoto ameiegemea anaangalia tamthilia.

Na anayesema nililia ni mwongo. Ile ilikuwa juisi ya zabibu.