Waya wa Ardhi wa Draivu Hauna Mapumziko

Draivu ya mota, yaani kifaa kinachodhibiti kasi ya mota kwa kubadili masafa ya umeme wake, inapojizima bila sababu ya wazi, mafundi wengi hukimbilia menyu yake. Hurefusha muda wa kuongeza kasi, hulegeza kikomo cha mkondo, hushusha masafa ya ukatajikataji, na mambo yasipotulia hukiondoa kifaa chote na kufunga kipya. Kwa maoni yangu, juhudi hizo nyingi hupotea bure, kwa sababu chanzo cha tatizo kwa kawaida kiko nje ya kisanduku: kwenye kebo iendayo kwenye mota, na hasa mahali ambapo ngao ya kebo hiyo, yaani wavu wa chuma unaozizunguka nyuzi zake, inakutana na ardhi.

Nadhani kiini cha suala hili ni mazoea. Fundi aliyekulia kwenye kontakta (swichi kubwa za kuwasha na kuzima mota) na umeme wa hezi 50 amezoea kuuona waya wa ardhi kama mlinzi anayesubiri ajali: siku zote umelala, na siku insulesheni inapopasuka unaubeba mkondo mpaka fyuzi inakatika. Kwenye draivu picha hiyo si sahihi. Draivu hugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, ambao kwa mfumo wa volti 400 hufikia takribani volti 565, kisha transista zake huukatakata mkondo huo maelfu ya mara kwa sekunde ili kuijengea mota masafa yanayotakiwa. Kila pigo hupanda kutoka sifuri hadi kileleni katika muda mfupi kuliko sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwa mpando mkali kiasi hicho, nafasi iliyopo kati ya nyuzi za kebo na ardhi, na ile iliyopo kati ya koili za mota na mwili wake, zinakuwa kapasita, yaani kama vihifadhi vidogo vya chaji, na kila pigo husukuma mkondo kidogo kuelekea ardhini. Mkondo huo lazima urudi kwenye draivu ulikotoka. Usipopewa njia fupi na pana, utajitafutia yake, iwe ni kupitia fremu ya mashine, waya wa kitambuzi, au beringi za mota.

Hapo ndipo ngao ya kebo inapopata umuhimu wake. Mtu akifungua paneli nyingi atakuta wavu wa ngao umesokotwa ukawa mkia mwembamba, ukafungwa kwa skrubu moja kwenye baa ya ardhi, na aliyefanya hivyo atakuonyesha kwa kipimio kwamba ukinzani ni sifuri. Hasemi uongo, ila amepima kwa mkondo mnyoofu. Mkia wa sentimita 10 hivi, kwa masafa ya megahezi 10, unaweka kizuizi (upinzani dhidi ya mkondo unaobadilika haraka) cha omu kama 6, na masafa ya kiwango hicho yamo ndani ya mipando ya mapigo tunayoyazungumzia. Ngao iliyofungwa hivyo imewekwa ili ionekane ipo. Inatakiwa ganda la nje likatwe kwa uangalifu, wavu ubaki mzima, kisha ubanwe kwa klampu ya chuma inayoukumbatia pande zote kwenye bati lisilopakwa rangi, tena ncha zote mbili: kwenye draivu na kwenye boksi la mota. Rangi ya paneli isipokwanguliwa chini ya klampu, kazi yote hiyo ni sawa na bure.

Wapo wanaopinga habari ya ncha mbili, wakisema walifundishwa kufunga ngao upande mmoja tu ili kuepuka mkondo wa kuzunguka. Kanuni hiyo ina mahali pake, nayo ni kwenye nyaya za ishara dhaifu, kama zile za miliampea 4 hadi 20. Kuihamishia kwenye kebo ya mota ni kuufungia mkondo unaorudi mlango wake mkubwa kuliko yote.

Anayelipa gharama ya kosa hili mara nyingi si draivu. Mkondo unaopita kwenye beringi huruka katika tabaka jembamba la grisi kwa cheche ndogo sana, na kila cheche huyeyusha nukta ya chuma. Baada ya muda, njia ya magololi huota mistari ya kukingama iliyopangana kama bati la mawimbi, mota huanza kuvuma, na fundi wa mitambo hubadilisha beringi akilaumu grisi. Beringi mpya huharibika vilevile. Kuna pete za kuishusha shafti ardhini, na kuna beringi zenye insulesheni za kufungwa upande usio na mzigo. Kwa mota kubwa ninaziunga mkono bila kusita. Lakini kununua pete huku ngao ikiwa bado inaning'inia kwa mkia ni kutibu homa bila kugusa ugonjwa.

Urefu wa kebo nao una hila yake. Pigo likifika kwenye mota hugonga kizuizi tofauti na kile cha kebo, sehemu yake hurudi nyuma, na kwenye terminali za mota volti zinaweza kukaribia maradufu ya zile za ndani ya draivu, yaani zaidi ya 1,100 kwenye mfumo wa 400. Mizunguko ya mwanzo ya koili ndiyo inayoumia kwanza. Kwa kebo ndefu, ama mota iwe imetengenezwa kwa ajili ya draivu, ama kichujio kifungwe kwenye njia ya kutokea. Kapasita za kurekebisha kipengele cha nguvu (power factor) zisionekane kamwe upande huo wa kutokea.

Kwa kuwa mkondo wa kuvuja, yaani ule unaoelekea ardhini, ni wa kawaida hapa, na mara nyingi huzidi miliampea 3.5, kiwango cha kimataifa cha usalama wa draivu, IEC 61800-5-1, kinataka waya wa ardhi wa shaba usiopungua milimita za mraba 10, au waya wa pili wa ardhi wenye njia yake. Kipengele hiki hupuuzwa mno kwenye draivu ndogo, eti kwa sababu waya unaonekana mnene kuliko zile za umeme wenyewe. Swichi ya kugundua uvujaji, ikihitajika kwa draivu ya fezi tatu, iwe ya aina B, maana nyingine zinaweza kupofushwa na mkondo mnyoofu.

Tatizo kubwa zaidi, naona, huanzia kwenye karatasi za zabuni. Draivu huandikwa kwa jina la kampuni, kilowati na kila chaguo, halafu kebo huelezwa kwa maneno mawili: nyuzi nne. Mkandarasi anayeweka bei ya kebo yenye ngao, klampu zake na bati la kuzifungia hushindwa na yule aliyeweka waya wa kawaida, na anayelinganisha bei hana namna ya kuiona tofauti. Ningependa zabuni itaje aina ya kebo, namna ya kubana ngao ncha zote mbili na ukubwa wa waya wa ardhi, na malipo ya mwisho yasubiri hadi mifuniko ya boksi la mota na paneli ifunguliwe, baada ya umeme kukatwa, kapasita kuachwa zitulie kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, na volti kupimwa kati ya chanya na hasi za ndani, ili mnunuzi azitazame klampu hizo kwa macho yake.