Ninacho Kimoja, Naitwa kwa Wingi

Ndugu zangu, kero yangu iko kwenye shavu la kushoto. Nikicheka, hapo huingia kishimo kidogo, ilhali shavu la kulia halina habari kabisa. Ningeweza kuishi na hali hiyo kwa amani, lakini kila anayekiona hutangaza, "Kumbe una dimpozi!", na neno hilo linanihesabia mali nisiyo nayo.

Dimpozi limetokana na "dimples" la Kiingereza, ambalo tayari liko katika wingi. Waswahili waliigeuza l kuwa o, wakaiacha ile z ya wingi mahali pake, kisha wakatia i mwishoni ili neno lisiishie kwa konsonanti. Kwa hiyo asemaye "dimpozi" ameshataja wingi, na asemaye "madimpozi" amepandisha wingi juu ya wingi. Sina ugomvi na soksi, iliyopitia mlango huohuo, kwa kuwa soksi huvaliwa mbili. Mimi mwenye kimoja nifanyeje? Nilijaribu kusema "dimpo", nikaulizwa kama ni dawa ya meno. Mbaya zaidi, watu husikia "pozi" ndani ya neno hilo, nami ambaye hata picha ya kitambulisho hunishinda nashutumiwa kuwa nacheka kwa maringo.

Nikikimbilia "kishimo cha shavuni", bado ni shimo, hata likipambwa kwa ki- ya udogo. Wafaransa husema fossette, Wahispania hoyuelo, Wajerumani Grübchen, na yote matatu maana yake ni kishimo, kana kwamba walikaa kikao kunijadili. Waarabu ndio waungwana: ghammaza yao imetoka kwenye mzizi wa kukonyeza na kubonyeza. Hata neno la Kiingereza lina undugu na Tümpel la Kijerumani, yaani kidimbwi, jambo lililomfanya jirani yangu mmoja, mjuzi wa kila kitu, atangaze kwamba dimpozi na dimbwi ni ndugu wa damu. Kufanana kwa sauti hakutoshi kuwa ushahidi wa undugu, lakini nenda ukamwambie yeye.

Chanzo cha kishimo chenyewe hakina makuu. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba msuli unaovuta pembe ya mdomo juu wakati wa kucheka huwa umegawanyika mara mbili, na sehemu yake moja imeshikamana na ngozi. Msuli ukivuta, ngozi inaingia ndani. Kwangu mgawanyo huo ulifanyika upande mmoja tu. Wapo waliokitafuta kishimo kwa gharama: mwaka 1896 Martin Goetze wa Berlin alipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, nchini Marekani ya kifaa cha kubonyeza na kusugua ngozi ili kutengeneza vishimo, na siku hizi wapo wanaokatwa na daktari wa upasuaji kwa ajili hiyohiyo. Mimi niliyepewa bure nimepewa nusu, na hakuna pa kulalamika.

Nimeamua kutumia "kibonyeo", kutoka kitenzi bonyea, kwa sababu ki- inajua kuhesabu: kimoja ni kibonyeo, viwili ni vibonyeo, na hakuna anayedhulumiwa. Nililizindua neno hilo mbele ya shangazi yangu, nikalieleza kwa kirefu, mizizi na viambishi vyake vyote. Akanisikiliza hadi mwisho, akanishika kidevu, akaligeuza shavu langu kwenye mwanga, kisha akauliza ni nani aliyenibonyeza.