Presha ya Ndege Huanzia Nyumbani

Ukiwauliza watu wanaogopa nini kwenye safari ya ndege, wengi watakutajia ule mtikisiko wa angani. Mimi ndiye ninayesindikiza wazee wa ukoo wetu wanapokwenda kuwaona watoto wao ng'ambo, na ninachokiona pale Terminal 3 ya uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni kingine kabisa. Mzee anafika hajalala, moyo unamwenda mbio, kachoka, na ndege yenyewe hata hajaiona. Presha hiyo tumempa sisi wa nyumbani.

Tuanze na begi. Habari ikishaenea kwamba shangazi anakwenda Uingereza kwa mwanawe, usiku wa kuamkia safari nyumba hujaa. Huyu kaleta dagaa wa Kigoma wapelekewe mdogo wake, yule unga wa muhogo, jirani kaja na asali ya Tabora kwenye chupa ya soda, na kuna bahasha iliyozungushiwa selotepu ambayo hakuna ajuaye ndani mna nini. Shangazi anaona haya kukataa, maana hao hao ndio waliomchangia harusi ya binti. Kila kitu kinasukumwa ndani, zipu inafungwa kwa kukaliwa.

Kesho yake mizani ya kaunta inasoma kilo 29, tiketi inaruhusu 23. Nimemwona mama mtu mzima kachuchumaa sakafuni, foleni nzima imesimama nyuma yake, pasipoti kaibana kwa meno, anatoa kanga moja moja huku wanawe wakimwelekeza kwa sauti kutoka nje ya kioo. Mfuko wa dagaa ukapasuka. Vijana wawili kwenye foleni wakainama kumsaidia kuokota, Mungu awabariki, lakini alipoinuka mikono ilikuwa inatetemeka. Mtu huyo ndiye tunayetaka apite ukaguzi, ajaze fomu, atafute geti, kisha akae kwenye kiti kwa utulivu!

Ndiyo maana nasema kila ukoo uwe na mtu mmoja wa kukataa kwa niaba ya msafiri. Kwetu kazi hiyo nimeichukua mimi. Begi linapangwa mapema na kupimwa nyumbani, halafu linafungwa. Atakayeleta kifurushi baada ya hapo anunie mimi, si shangazi. Na kifurushi kilichofungwa ambacho hatukukiona ndani hakipokelewi, hata kikitoka kwa nani. Pale kaunta msafiri huulizwa kama begi alilipanga mwenyewe, na jibu lake ni dhamana juu ya kichwa chake. Nyama na maziwa ya kutoka kwetu hayaruhusiwi kuingia Uingereza wala nchi za Umoja wa Ulaya kwenye begi la abiria, kwa hiyo tusimpe mzee mzigo wa kwenda kunyang'anywa mbele za watu. Ile asali nayo, ikiwekwa kwenye mkoba wa mkononi, inahesabiwa kuwa kimiminika. Viwanja vingi vya ndege havipitishi chombo cha zaidi ya mililita 100, sheria iliyoanza mwaka 2006 baada ya polisi wa Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji.

Kitu cha pili kinachowatesa wazee ni saa. Tiketi imeandikwa 02:15 tarehe 14. Kwa hesabu yetu hiyo ni saa nane na robo usiku wa kuamkia tarehe 14, yaani mtu anatakiwa awe uwanjani tarehe 13, saa tano na robo usiku. Familia nyingi husoma "tarehe 14, usiku" na kujipanga kwa usiku unaofuata. Ndege inakuwa imeshaondoka tangu usiku uliotangulia. Mwandikieni mzee kwa saa zake mwenyewe na kwa jina la siku: Jumatatu usiku, saa nne, tunatoka nyumbani.

Na mwandikieni kwenye karatasi. Simu huisha chaji, na laini ya Dar ikifika Doha inaweza isishike mtandao. Kwetu huwa ni ukurasa mmoja wa herufi kubwa, Kiswahili juu, Kiingereza chini: jina lake, namba ya ndege ya kwanza na ya pili, anapobadilishia, anakofikia, jina na simu ya mwenyeji wake, dawa anazotumia. Mwisho tunaweka sentensi moja ya kumwonyesha mfanyakazi yeyote: "Ninazungumza Kiswahili, tafadhali nionyeshe geti langu." Karatasi hiyo inakaa kwenye mkoba mdogo wa kuvaa shingoni, pamoja na pasipoti. Dawa zote zinakaa mkononi pia, pamoja na cheti cha daktari. Insulini hasa haifai kuwekwa kwenye begi la chini, kwa kuwa begi linaweza kuchelewa na baridi ya huko inaweza kuiharibu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nalipigania kila safari: kiti mwendo, yaani kiti cha magurudumu. Wazee wetu wanakikataa. "Mimi si mgonjwa, miguu ninayo." Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Uwanja wa Hamad kule Doha ni mkubwa kiasi kwamba una treni yake ndani kwa ndani. Dubai nako kuna treni ya kuwatoa abiria jengo hadi jengo. Mama wa miaka 68, kavaa baibui, anasimama mbele ya ngazi za umeme zinazojisogeza ambazo hajawahi kuzikanyaga, na ndege yake ya pili inapakia baada ya saa moja. Kumwacha hapo peke yake kwa kuwa tu anaweza kutembea ni kumwonea. Ukiomba kiti mwendo unapata pamoja na mtu: anakupokea mlangoni mwa ndege, anajua njia, anakupitisha kwenye ukaguzi, anakufikisha getini. Hulipii. Ulaya sheria imewekwa tangu 2006 kwamba abiria ambaye mwendo unamsumbua, uzee ukiwemo, asaidiwe bila malipo. Kinachotakiwa ni kulitaarifu shirika la ndege angalau saa 48 kabla, na sisi hupiga simu siku ile ile ya kukata tiketi.

Mama akifika kwenye ukaguzi anaweza kuambiwa avue viatu, na pengine apapaswe. Aelezwe mapema, na ajue ana haki ya kuomba akaguliwe na mwanamke, faraghani. Asiyeambiwa haya hudhani ametuhumiwa.

Huko angani ndiko kwepesi kuliko kote. Hewa ndani ya ndege huwa kama ya mlimani, yaweza kufikia ile ya mita 2,400, juu kuliko Nairobi, tena kavu, kwa hiyo anywe maji. Masikio yakiziba wakati wa kushuka, ameze mate au atafune pipi. Ainuke na kutembea kila baada ya muda, maana Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya saa nne na zaidi huongeza takriban mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Ndege ikitikisika, mkanda uwe umefungwa. Mabawa hupinda kwa sababu yameundwa yapinde, na hujaribiwa kwa mzigo unaozidi kwa nusu ule mkubwa kabisa yanaotarajiwa kukutana nao.

Begi lisipotokea, asitoke ukumbini kabla ya kuandikisha na kupewa namba. Tanzania na Kenya zote zimo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao unampa msafiri siku 7 za kulalamikia begi lililoharibika na siku 21 kwa lililochelewa.

Mashirika ya ndege nayo nina neno nayo. Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, tumekuwa tukiambiwa lugha yetu imefika kila mahali. Nataka kuisikia pale mzee anapoihitaji: ndege iliyotoka Dar, Zanzibar, Kilimanjaro au Nairobi inapotua ugenini na watu wanasimama kuchukua mikoba. Sentensi tatu zinatosha, tena zikirekodiwa mara moja zitatumika miaka: anayebadilisha ndege afuate alama zipi, begi lake linakwenda moja kwa moja au analichukua hapo, na akipotea amuulize nani. Abiria wanaojaza viti hivyo wanalipa nauli kamili, na hayo wanaweza kufanyiwa mwezi huu huu.